Harufu ya Migebuka Asubuhi

Saa hizi hapa Mpanda kuna mama mjamzito ameshika ukingo wa ndoo. Jirani anakaanga migebuka ya Karema, samaki ambaye mwezi jana mama huyu alimpenda kuliko nyama. Leo harufu yake tu inamtoa nje mbio. Mumewe anadhani anadeka.

Hadeki. Kichefuchefu mara nyingi huanza karibu na wiki ya 6 ya ujauzito, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 14 na 16. Wala hakichagui nyumba: Desemba 2012, Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, alilazwa hospitali London kwa kutapika akiwa mjamzito.

Shemeji zangu, hapo ndipo mnapohitajika. Kabla mke wako hajanyanyuka kitandani, mpelekee kipande cha mkate mkavu au kiazi kilichopoa, atafune taratibu. Tumbo tupu huchochea. Tangawizi iliyochemshwa huwasaidia wengi. Ale kidogo kidogo. Vidonge vya kuongeza damu vikimchafua tumbo, amuulize mkunga kama anaweza kuvimeza usiku, asiviache kimyakimya. Pemba ile ya sokoni wanayotafuna wajawazito, hata kama mnaniona mkali, siiungi mkono: ni udongo, unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Asipobakiza hata maji tumboni, mkojo ukakolea rangi na kizunguzungu kikamshika, hapo tangawizi haitoshi. Ita bodaboda, mpeleke kituo cha afya leo, msisubiri tarehe ya kliniki.