Kinyonga Anayekataa Panzi

Watoto wa katekismu hutuletea maulizo ambayo vitabu vyetu havikuyatazamia. Mmoja wao alikuwa amemfungia kinyonga katika kikapu, akimlisha panzi kila siku. Majuma mawili mnyama alikula vema, kisha akaanza kugeuza kichwa. Mtoto akasema: «Mwalimu, kinyonga wangu ana kiburi. Nimwache na njaa mpaka anyenyekee?» Wenzake wakacheka. Sisi twamsifu kwa jambo moja: wakubwa wengi wakimwona kinyonga humtupia mawe, kwa sababu ya hadithi ya wazee, ya kuwa ndiye mjumbe aliyechelewa kuleta habari ya uzima, mauti yakatutangulia. Mtoto huyu hakuogopa. Na ulizo lake lastahili jibu, maana ndani yake kuna ulizo kubwa zaidi: mwenye kumfunga kiumbe ana deni gani kwake?

Kwanza, hilo neno kiburi. Eklezya huhesabu ulafi kati ya vilema vikubwa saba, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aonyesha ya kuwa mlafi si yule tu anayekula kupita kiasi. Hata anayedai vyakula vya anasa tu ni mlafi. Lakini pasipo akili na hiari hakuna dhambi, na kinyonga hana akili wala hiari. Hawezi kukusudia kutudharau. Akigeuza kichwa, sababu imo mwilini mwake, au imo katika kikapu chetu.

Tazameni anavyoishi porini. Asubuhi huota jua, kwa kuwa mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Akikaa baridini, tumbo haliyeyushi chakula, na hamu ya kula yakwisha. Hunywa matone ya umande na ya mvua juu ya majani. Maji yaliyotulia katika bakuli, hata yakiwa safi, mara nyingi hayatambui. Macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake, na ulimi wake, mrefu kuliko kiwiliwili, hupiga kitu chenye kutembea: leo nzi, kesho kiwavi, kesho kutwa nyenje. Basi sisi twamweka katika kikapu chenye giza pembeni mwa nyumba, twamtilia panzi wale wale siku kumi na nne, halafu ni sisi tunaoshangaa!

Watu wa Ulaya na Marekani wafugao vinyonga wa Yemen na wa Madagascar waujua sana mgomo huu. Mfugaji mwenye busara hatazami kwanza chakula. Hutazama joto, mwanga na maji, na kunyunyiza majani ili mnyama anywe matone. Kisha hubadilisha wadudu. Tena wadudu wenyewe huwalisha mboga za majani kwanza, na kuwapaka unga wenye kalisiamu, maana mdudu mwenye tumbo tupu hamjengi anayemla, na pasipo kalisiamu mifupa ya kinyonga hulegea. Kisha hujiuliza kama mnyama hakushiba tu, kwa kuwa kinyonga mzima hahitaji kula kila siku. Au kama ni jike lenye mayai. Macho yakibonyea ndani, ni kiu au ugonjwa, na hapo ni kazi ya mganga wa wanyama. Kumpanua kinywa kwa nguvu kwaweza kumvunja taya.

Sasa twarudi kwenye deni. Porini kinyonga huchagua mwenyewe jua, tawi na mdudu. Aliyemfunga amemnyang'anya uchaguzi huo wote, basi ameuchukua juu yake mwenyewe. Kukataa ndilo neno pekee alilomwachia. Baba ana haki ya kumwambia mwanawe anayesukuma sahani: «Kula, wengine hawana», kwa sababu mtoto aweza kuelewa habari za hao wengine. Kinyonga hawezi. Kumshindisha na njaa ili ajifunze hakumfundishi neno. Kwamfundisha yule mtoto anayemtazama. Mtakatifu Tomaso aliogopa jambo hilo hilo, kwamba mtu aliyezoea kuwatesa wanyama atakuwa mkali kwa watu.

Lakini mzazi mmoja aweza kutujibu kwa hasira: «Watoto wetu walala bila kushiba, nanyi mwatufundisha karamu ya kinyonga?» Neno lake ni zito, hasa hapa Kivu, ambapo vita tangu miaka ya 1990 vimewatoa watu wengi mashambani mwao. Katekismu ya Eklezya Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2418, yasema mambo mawili pamoja: haifai kuwatesa wanyama bure, na haifai kuwatumilia fedha ambazo kwanza zingeondoa umaskini wa watu. Hatuoni ugomvi kati ya maneno hayo. Asiyeweza kumlisha asimfunge. Kinyonga aliyetoka katika ua wa nyumba yako arudishwe katika ua ule ule, leo. Hatakudai hata panzi mmoja.

Aliyetolewa mbali ana shida nyingine. Mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa wanyama huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga wenye pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda kwa safari, naye akawaachia bustanini mwake wapate nguvu. Wakatawanyika, wakazaa, na leo wala wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile. Alikusudia kuwahurumia. Basi anayemfuga kinyonga wa Yemen katika nchi ya theluji hana ua wa kumrudisha. Itampasa kumtafutia nyenje na viwavi, pengine miaka mitano au zaidi. Na akichoka, amtafutie mtu mwingine aijuaye kazi hiyo, asimtupe nje kwenye baridi.