Karamu ya Kuzunguka

Soma Ayubu 1:1-5. Kabla ya upepo wa jangwani, kabla ya majipu na jivu, kitabu cha Ayubu kinafunguka kwa familia inayokula pamoja. Wana saba wa Ayubu walikuwa na desturi ya kufanyiana karamu, leo nyumbani kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na hawakuwaacha nje dada zao watatu. Kila mmoja alikuwa na siku yake. Maneno hayo hayo, "siku yake", yanarudi mwanzoni mwa sura ya tatu, Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, na ndiyo sababu baadhi ya wafafanuzi wa Biblia huona kwamba karamu zile zilikuwa za siku za kuzaliwa. Kama ndivyo, hapa ipo sherehe ya kuzaliwa iliyohama kutoka mlango hadi mlango, ndugu wa tumbo moja wakila na kunywa. Fungu la 13 linaitaja divai waziwazi.

La kushangaza ni mahali aliposimama baba yao. Hakuna fungu linalosema Ayubu alizipiga marufuku karamu hizo, na hakuna linalosema alikwenda. Zilipomaliza mzunguko wake aliamka alfajiri, akatuma watoto waitwe, akatoa sadaka kwa hesabu yao wote. Alifanya hivyo kwa sababu ya neno moja: huenda. Huenda mmoja wao amemkosea Mungu moyoni. Hakujua, wala hakujifanya anajua.

Swali la mahali pa kusimama halikubaki katika nchi ya Usi. Linabisha hodi Mpanda pia. Ichukuliwe familia moja, ya namna ambayo haikosekani katika mitaa ya Manispaa hiyo. Kaka anatimiza miaka 50. Anaishi Dar es Salaam, na amewaandikia ndugu na marafiki katika kundi la WhatsApp la familia kwamba mwaka huu anakuja kuzaliwa nyumbani. Hataki ukumbi wala mshereheshaji. Anataka kuuzunguka mji alikokulia kwa miguu, yeye na watu wake: kinywaji cha kwanza karibu na stesheni ya reli, cha pili Kashaulili, kisha Majengo, kisha Makanyagio, na cha mwisho Nsemulwa, mtaa ambao mama yao alipika pombe. Vijana wangeita kubadilisha viwanja. Siku iliyopangwa ni Jumamosi usiku, na kaka ameandika kwa heshima kabisa kwamba wataanza baada ya jua kuzama, ili dada amalize Sabato yake.

Dada huyo ni mwalimu wa Shule ya Sabato. Alibatizwa miaka ishirini iliyopita. Kaka hamtaki anywe. Ujumbe wake wa sauti ni mfupi: "Dada, wewe agiza soda yako. Mimi nataka tu tuwe wote."

Kabla ya kujibu, ni vema kusikia kinachoombwa. Mtu wa umri huo alizaliwa Mpanda ilipokuwa ndiyo kwanza imehamishiwa Mkoa mpya wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974. Mkoa wa Katavi alikuja kuuona mwaka 2012, akiwa mtu mzima anayeishi mbali. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, katika miaka ya baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na kabla ya lami kufika kutoka Tabora, kijana aliyekwenda kutafuta maisha aliondokea hapo stesheni, mama amesimama na kapu la viazi vilivyochemshwa. Mtu wa namna hiyo akirudi anataka kugusa kuta. Baadhi ya kuta zimebomolewa. Baa mara nyingi ndiyo mahali pekee penye viti na taa usiku, ambapo mtu hukaa saa tatu bila kuulizwa amekuja kufanya nini. (Hilo kanisa lingelitafakari siku moja. Milango yake mingi hufungwa mapema.)

Wapo wazee wa kanisa watakaolijibu jambo hili kwa dakika moja. Biblia, watasema, inazitaja wazi siku za kuzaliwa za watu wawili, Farao na Herode, na katika kila moja mtu aliuawa (Mwanzo 40:20-22, Marko 6:21-28). Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyosikika, kwa maana haikuwa tarehe iliyomuua Yohana Mbatizaji. Marko anaandika kwamba mfalme alihuzunika; hakutaka. Lakini alikuwa amekwisha kuapa, na waalikwa walikuwa wanamtazama. Hapo ndipo penye hatari halisi ya karamu, na ipo vilevile katika meza ya raundi, ambapo huyu analipia wote, kisha yule, na hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema imetosha. Mtu ambaye peke yake angekunywa chupa moja anakunywa sita kwa sababu wapo sita mezani. Aibu mbele ya waalikwa ina nguvu kuliko kiu.

Wengine watajibu kwa Kana ya Galilaya, wakitaka ruhusa. Waadventista Wasabato hufundisha kwamba divai ile haikuwa kileo, na arusi ile haikuwa mwendo wa baa kwa baa. Hata hivyo, Yesu alikuwapo. Alikaa kwenye meza nyingi kiasi cha kuitwa mlafi na mlevi (Luka 7:34), akaibeba kashfa hiyo bila kuacha kualikwa. Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, aliweka kuchangamana na watu mwanzoni kabisa mwa njia ya Kristo ya kuwafikia. Dada akionekana ameketi nje ya baa Kashaulili, atasemwa, na huenda akaitwa na baraza la kanisa ajieleze. Kusemwa si ushahidi kwamba amekosa. Wala si ushahidi kwamba yuko sahihi. Wapo waliosemwa kwa haki.

Yeremia 35 inasaidia zaidi kuliko Kana. Nabii aliambiwa awaingize Warekabi katika chumba kimoja cha nyumba ya Bwana, awawekee mabakuli ya divai na vikombe, awaambie wanywe. Mara nyingi sura hii husomwa kwa haraka hadi kwenye jibu lao la kukataa. Lakini waliingia. Walikaa ndani ya chumba, divai ikiwa mbele yao, nabii mwenyewe ndiye mwenye kuwakaribisha, wakatoa sababu yao kwa upole: baba yao aliwaagiza. Kujizuia kwao hakukuhitaji ukuta kati yao na bakuli, kwa sababu kulikuwa tayari ndani yao, vizazi vingi. Kuhusu dada, basi, kiti si dhambi. Mwenye ahadi yake ya ubatizo moyoni anaweza kukaa na soda karibu na stesheni, akasikia kaka anasimulia jinsi alivyolia treni ilipoanza kutembea.

Ugumu unaanza pochi inapofunguliwa. Kundi la familia limeomba mchango, kila mtu shilingi 50,000, na mweka hazina hatenganishi fedha ya bia na fedha ya nyama. Soma Habakuki 2:15. Ole ya nabii inamwangukia anayempa jirani yake kileo, hata kama yeye mwenyewe hanywi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Habakuki hakuwa na maabara, ila alijua nani ana lawama. Hapa hakuna njia ya katikati. Dada anaweza kukaa na kaka, hawezi kumnunulia. Fedha yake iende kwenye migebuka ya ziwani na ndizi, au kwa dereva wa kuwarudisha watu usiku, na aliseme hilo wazi kwenye kundi badala ya kutuma mchango kimya na kujifariji kwamba sehemu yake ilikuwa ya chakula. (Na chakula chenyewe akichague, kwa maana kwenye baa nyingi kitimoto hufika mezani kabla ya chumvi.)

Halafu kuna Nsemulwa. Mama yao alipika komoni. Alivundika mahindi, akayakaanga, akachanganya na kimea cha ulezi, na akina baba walikaa kwenye magogo chini ya mwembe na vikombe vya plastiki. Fedha hiyo ndiyo iliyolipa ada za watoto watatu. Dada alijifunza kusoma kwa komoni. Biblia anayofundishia kila Sabato anaisoma kwa macho yaliyofunguliwa na kilabu kile. Hawezi kukibariki, maana anawakumbuka pia wake waliokuja usiku kuwatafuta waume zao na wakarudi wakilia. Hawezi kukilaani bila kumlaani mama, ambaye mwenyewe hakuwahi kuonja, na ambaye hakuwa na shamba wala mume wa kumsaidia. Amri ya tano haina kifungu kinachowatoa akina mama waliopika pombe. Kaka anapotaka kumalizia usiku wake mahali hapo, anachotaka hasa ni kusimama mbele ya mama. Dada ana deni hapo, na deni hilo haliishi kwa kusema kwamba yeye ni mshiriki wa kanisa.

Kama familia ingekuwa ya watu wawili tu, shauri lingeweza kuishia hapa: nenda, kaa, usinywe, usilipie, rudi nao salama. Lakini yupo wa tatu.

Mdogo wao, kitinda mimba, ni fundi wa pikipiki. Alianzia kwenye viroba, vile vipakiti vya pombe kali ambavyo serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Vilipoondoka madukani alihamia kwenye chupa ndogo. Alipoteza mke, vifaa vya kazi, na jino moja. Sasa ana mwaka na miezi minne hajaonja, na alibatizwa mbele ya dada yake. Naye amealikwa. Kaka, kwa wema tu, ameandika kwamba mdogo wake naye atakunywa soda kama dada.

Si kama dada. Mtume Paulo anamwachia Mkristo uhuru wa kwenda akialikwa, kama anapenda kwenda (1 Wakorintho 10:27), lakini sura mbili nyuma anaonya kwamba ujuzi wa mwenye nguvu unaweza kumwangamiza ndugu aliye dhaifu (8:10, 11). Barabara ile ile kutoka stesheni hadi Nsemulwa, dada akiipita ni matembezi. Mdogo akiipita kila mlango unamjua kwa jina. Kwake kukaa nyumbani si woga. Warekabi walikuwa na vizazi. Yeye ana miezi kumi na sita. Na nani atakaa naye usiku huo, muziki ukisikika kutoka Majengo, akijua watu wote anaowapenda wako huko na aliyebaki ni yeye peke yake? Mwanzo 4:9 ina swali moja tu kuhusu mlinzi wa ndugu. Haisemi mtu afanye nini akiwa na ndugu wawili na usiku mmoja.

Dada anaweza kumwomba kaka ageuze njia. Waanze nyumbani, wote, na chakula, na kaka amwagiwe maji kwa mshituko kama inavyofanywa kwa mwenye siku yake. Kisha Nsemulwa kwanza, giza likiwa bado changa, wasimame chini ya mwembe wa mama, na mdogo akiwa pamoja nao, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Kisha dada amsindikize kaka hadi stesheni, akae naye soda moja, aage, arudi kwa mdogo. Kaka hatafurahi. Atasema, "Dada, unaniachia njiani," na atakuwa anasema kweli. Uamuzi mwema hapa una mtu anayeumia ndani yake, na dada asijidanganye kwamba angeweza kuupata usio na mtu huyo.

Lipo la kuogopwa pia. Bodaboda za usiku ni bodaboda za usiku. Ikiwa jambo baya litatokea baada ya meza ya nne, Bildadi atapata sauti kanisani upesi, kama alivyopata mbele ya Ayubu alipodokeza kwamba watoto wale walikufa kwa makosa yao (Ayubu 8:4). Nyumba iliwaangukia wakiwa kwenye karamu, wakinywa. Ushahidi ulionekana uko upande wake. Ila mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia Bildadi na wenzake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa (42:7), na Ayubu, aliyekuwa akiamka alfajiri kwa ajili ya neno "huenda", ndiye aliyeambiwa awaombee.

Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili dada yuko jikoni kwake, anakoroga uji wa ulezi, mwingi kuliko wa watu wawili. Mdogo amelala kwenye mkeka sebuleni. Amekwisha kuomba kwa kutaja majina, moja moja, pamoja na ya marafiki wa kaka ambao hawafahamu vizuri. Hajui kilichosemwa Makanyagio, wala nani alilipia, wala kama kaka alilia tena. Simu iko juu ya meza, sauti imefunguliwa, na dereva aliyemlipa jana ana namba yake.