Kuongeza Shokapu, Kuongeza Mzigo

Swali ninalotaka kulijadili hapa, ndugu msomaji, limezaliwa gereji, lakini haliishii gereji. Mtu akiimarisha kile kinachobeba mzigo, je, amempunguzia mbebaji taabu, au amemwandalia mzigo mwingine? Vijana wa bodaboda wa hapa Kibeta hulijibu mara kwa mara bila kulitamka, pale wanapong'oa shokapu za nyuma zilizokuja na pikipiki na kufunga nyingine zilizo ngumu zaidi.

Sababu zao ni za kweli, wala sizidharau. Nchi yetu ni ya vilima. Anayetoka Muhutwe kupanda Kamachumu anajua nisemalo. Mkungu mmoja wa ndizi uliokomaa vizuri waweza kupita kilo 30, na hakuna anayekwenda sokoni na mmoja. Pikipiki ikibebeshwa mikungu minne, na mwenye ndizi naye akakaa papo hapo, shokapu ya kawaida huzama mpaka mwisho wake, na baada ya hapo kila shimo la barabara humfikia dereva kiunoni bila kupitia kwa mtu mwingine. Kijana wa miaka 25 anatembea kama mimi niliyepita 70. Akisema anataka shokapu ngumu, nani mwenye moyo wa kumkataza?

Lakini tuitazame hiyo shokapu yenyewe, kwa maana watu wengi huiona springi tu. Ndani yake mna kazi mbili. Springi hupokea kishindo na kukihifadhi. Ikiachiwa, hukirudisha chote. Ingekuwa peke yake, pikipiki ingerukaruka kama mbuzi. Kwa hiyo katikati pana bomba lenye pistoni na mafuta, na mafuta yale hulazimishwa kupita katika vitundu vidogo, ndipo nguvu ya kishindo hugeuka joto na kupotelea hewani. Springi huvumilia, mafuta hutuliza. Fundi akiweka springi ngumu na kuyaacha mafuta yaliyopimwa kwa springi laini, amempa dereva chombo kinachovumilia sana na kutulia kidogo. Kikiwa na mzigo utakisifu. Kikirudi kitupu kutoka sokoni, gurudumu la nyuma hudundadunda kwenye matuta ya changarawe, na gurudumu lililo hewani halina breki. Wako pia wanaokaza tu ile pete ya chini ya springi wakidhani wameiongezea nguvu. La hasha! Wameinua kiti, springi ni ile ile.

Wazungu wanaopanda baiskeli za milimani kwa mchezo, zile zenye shokapu mbele na nyuma, wana desturi iliyonifikirisha. Kabla ya kubadilisha shokapu ya nyuma hupima kwanza inazama kiasi gani mwenye baiskeli akikaa tu, na hutaka izame kama robo au karibu theluthi ya mwendo wake wote. Isipozama kabisa, huihesabu kuwa mbovu sawa na ile inayozama mno, kwa sababu gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka likikuta shimo, si ya kupanda peke yake. Kumbe kulegea kidogo chini ya uzito ni sehemu ya kazi, si udhaifu.

Nami naongeza kwamba kulegea huko pia ni lugha. Shokapu inapozama inamwambia dereva na abiria: sasa basi. Meli nazo hupewa lugha hiyo. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza, kwa kelele za mbunge mmoja aliyeitwa Samuel Plimsoll, lilipitisha sheria ya kuchora ubavuni mwa meli alama ya kiwango cha maji, ili shehena isikadiriwe kwa tamaa ya mwenye mali. Sisi watu wa Bukoba hatuhitaji kufundishwa maana ya alama hiyo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imetoka kwetu ikapitia Kemondo na watu kupita kiwango, ziliachwa nyumba ambazo hata leo ukizitembelea mwezi wa Mei husemi kwa sauti kubwa.

Pikipiki haina alama ubavuni. Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kufanya biashara ya abiria zilisema abiria mmoja. Mtaani wanapakia mishikaki, wawili na watatu. Alama pekee iliyobaki ni kule kuzama kwa shokapu. Ukifunga ngumu umeinyamazisha, ilhali breki, tairi, mnyororo na kifua cha kijana vimebaki vya jana.

Nimeliona jambo hili shuleni pia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Nilikuwa kijana kazini. Shokapu zilizofungwa wakati ule ni vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Mzigo ule ulistahili kubebwa, na sitakubali anayesema vinginevyo, kwa maana wako watu wazima leo wanaosoma barua zao wenyewe kwa sababu yake. Hata hivyo niliona mwalimu hodari, mwenye kuweza kutuliza watoto 80, akipewa 80, na mwenzake mlalamishi akipewa 50. Uvumilivu wa yule wa kwanza haukumpatia hata kiti cha kukalia. Ulihesabiwa kama nafasi tupu inayongoja kujazwa.

Basi simlaumu anayeongeza uwezo wa kubeba. Ninachouliza ni nafuu hiyo inakuwa mali ya nani. Vijana wengi hawamiliki pikipiki. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na wengine wako kwenye mkataba, wanalipa mpaka chombo kiwe chao. Kijana mmoja jirani yangu, aliyekuwa amedunduliza fedha ya shokapu mbili, alikuja kuniuliza: "Shikamoo Mwalimu. Nikizifunga, tajiri akiona napakia vizuri akapandisha hesabu, nimjibu nini waitu?"

Nilimwambia kwamba aliyenunua ni yeye, kwa hiyo nafuu ya kwanza ni ya kiuno chake: abebe mikungu ile ile minne kwa miezi kadhaa, alale bila maumivu. Akifikiria wa tano, aanze na breki na tairi ya nyuma, na fundi ampe shokapu kamili yenye mafuta yake, si springi ya kuokoteza. Na kama tajiri ndiye angelipa, basi angerudishiwa gharama kidogo kidogo, na ikiisha hesabu irudi palepale ilipokuwa. Kijana hakuonekana kuridhika. Alisema tajiri wake hajui habari za kiuno, anajua habari za jioni.

Nikamwambia amlete Jumapili, tukae watatu.