Kiasi cha Pete na Kiasi cha Moyo

Neno kiasi lina maana mbili katika lugha yetu. Kiasi ni kipimo, kama mtu anenavyo katika soko la Mawenzi, "Nipimie kiasi hiki cha maharage." Tena kiasi ni tabia, nayo Mtume Paulo aliihesabu pamoja na matunda ya Roho alipowaandikia Wagalatia. Wazee wetu hawakuona haja ya kuzitenga maana hizo mbili, kwa kuwa mwenye tabia ya kiasi ndiye aliyekula kwa kipimo. Lakini sasa madaktari wameweza kuzitenga. Yuko mtu alaye vijiko vichache kisha akaweka kijiko chini, wala si kwa sababu moyo wake umetulia, bali kwa sababu mfuko wake wa chakula umefungwa pete. Basi, mtu huyo ana kiasi, au ana pete tu? Na sisi tuketio naye kwenye chakula, imetupasa nini?

Kwanza nieleze jambo lenyewe, ili tusibishane juu ya kitu tusichokijua. Pete hiyo ni ya silikoni. Daktari huizungusha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya mwisho wa umio, hata juu yake kinabaki kijifuko chenye kushika kama vijiko viwili vya mezani tu. Upande wa ndani pete hujazwa maji ya chumvi, nayo imeungwa kwa mrija mwembamba na kikombe kidogo kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akichoma sindano hapo aweza kuongeza maji, pete ikabana, au kuyapunguza, ikalegea. Chakula hushuka polepole, kijifuko hujaa upesi, na mtu hujisikia ameshiba.

Yafaa watu wa Afrika ya Mashariki wajue kwamba aliyeiweka kwanza pete ya namna hii kwa njia ya matundu madogo, pasipo kulipasua tumbo lote, alikuwa Daktari Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, aliyechunga mifugo utotoni kisha akawa daktari wa upasuaji nchini Ubelgiji. Alifanya hivyo katika mji wa Huy, mwezi wa Septemba mwaka 1993. Mtoto wa nchi ambayo ulimwengu uliijua kwa habari za njaa ndiye aliyewafunga tumbo watu wa nchi ya shibe. Mimi huliona hili kuwa jambo la kufikiriwa, wala silicheki.

Tangu hapo pete imepungua kutumika. Kwa wengine ilihama mahali pake au ikaumiza, nao madaktari wengi hupenda zaidi kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wenyewe. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyoko Mloganzila, ambayo msafiri atokaye Morogoro huikaribia kabla ya kuingia Dar es Salaam, ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni. Puto halihitaji kisu. Hupitishwa kinywani, hujazwa maji, hukaa miezi sita au mwaka, kisha hutolewa. Njia ni mbalimbali, lakini swali la kiasi ni lilelile, nami nitasema zaidi juu ya pete kwa kuwa ndiyo ilionyeshayo waziwazi.

Wako watakaosema mara moja kwamba pete ni adhabu ya ulafi, na kwamba aliyenenepa angalifunga kinywa chake asingalihitaji kufungwa tumbo. Neno hili hunenwa upesi sana. Kwa vizazi vingi watu wa Uluguru walilima miteremko iliyo mikali kama ukuta, wakashuka kwa miguu kutoka Mgeta na Kinole na Matombo wakiwa na vikapu kichwani, wakapanda tena jioni. Mtu wa kazi hiyo alikula sahani kubwa ya ugali au ndizi, na mlima ukaichukua yote. Mwanawe ameshukia mjini. Sahani ni ileile, wala mama yake hakumfundisha nyingine, lakini mchana kutwa aketi dukani, na jioni arudi kwa bodaboda. Je, amekuwa mlafi kuliko baba yake? Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 uliona kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa na uzito uliozidi. Sidhani kwamba ulafi uliingia katika mioyo ya wanawake wengi hivyo kwa ghafula.

Tena njaa yenyewe si sawa kwa watu wote. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza kwamba wameona kichocheo kitokacho katika mfuko wa chakula, kiitwacho ghrelini, ambacho huenda kwenye ubongo kuamsha hamu ya kula. Na mtu aliyepunguza uzito sana, mwili wake hupigana kuurudisha: njaa huzidi, na mwili hujifunza kutumia chakula kidogo kwa kazi ileile. Basi, mwembamba aliyezaliwa na njaa ndogo, aachaye nusu ya sahani pasipo kujikaza, kiasi chake yeye ni cha nani? Hakukifanyia kazi. Alikipewa, kama alivyopewa kimo chake. Wengi wetu tunaosifiwa kwa kiasi tumebeba pete tusiyoiona.

Sasa tutazame maisha ya mtu huyo baada ya kutoka hospitali, kwa maana hapo ndipo kazi ianzapo. Majuma ya kwanza anywa tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa. Kisha huja vyakula vilivyopondwa, kama chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Baada ya mwezi au zaidi hurudi kwenye chakula cha watu wazima, lakini si kwa namna ya zamani. Kila kinachoingia kinywani hakina budi kutafunwa hata kiwe laini kama uji. Sisi tuliolelewa kwa ugali twajua ugumu wa jambo hili, maana tonge hukandwa, huchovywa, humezwa; meno hayana kazi kubwa hapo. Mwenye pete akimeza tonge zima, au wali ulioshikamana, au nyama yenye nyuzi, hukwama. Kifua huuma, mate hujaa kinywani, na chakula hurudi kilikotoka. Wala asinywe maji pamoja na chakula, bali angoje karibu nusu saa au zaidi baada ya kula. Mzee wa miaka hamsini hujifunza kula kama mtoto, mbele ya watoto wake.

Mlutheri aliyefundishwa Katekisimo ataona hapa jambo analolijua. Pete ni sheria. Huweka mpaka, husema usipite hapa, tena adhabu yake i tayari. Lakini sheria haijapata kumfanya mtu apende alichoamriwa. Na jambo ambalo madaktari wenyewe huwaonya wagonjwa ni hili: pete yajua kuzuia kigumu, haijui kuzuia kitamu. Soda, chai yenye sukari tele, uji mtamu, aiskrimu iyeyukayo, vyote hupita kama maji ya Ngerengere chini ya daraja. Mtu aweza kuitii pete kila siku, asitapike hata mara moja, na uzito wake usipungue. Moyo utafutao njia huiona. Paulo aliwaeleza Warumi habari hii zamani sana, naye hakuwa na habari ya silikoni.

Je, pete ni bure? La. Sheria nayo haikutolewa bure. Mtu afukuzwaye na njaa mchana na usiku hana nafasi ya kujifunza neno lolote. Ataahidi asubuhi na kuvunja jioni, kisha atajichukia. Pete hunyamazisha kelele kidogo. Katika kimya hicho mtu aweza kutambua kwa mara ya kwanza alikuwa akila kwa ajili ya nini: mwingine kwa njaa ya kweli, mwingine kwa uchovu, mwingine kwa huzuni ya mume aliyekufa, mwingine kwa kuwa sahani ilikuwa imejaa na si adabu kuiacha. Hakuna daktari awezaye kumtambulia. Kwa hiyo nasema kiasi cha pete si kiasi cha moyo, lakini chaweza kumpa moyo nafasi ya kuanza. Mwenye pete asijivune kana kwamba amefunga Kwaresima mwaka mzima, wala asione haya. Hatumwambii mzee avaaye miwani ili asome Biblia kwamba hasomi kwa macho yake mwenyewe.

Lakini mimi nahofu zaidi juu yetu sisi wengine kuliko juu yake.

Tumfikirie mama mmoja aliyerudi Morogoro akiwa na pete, naye ameitwa kwenye msiba wa ukoo wake huko juu mlimani. Akina mama wamepika tangu alfajiri. Sahani yake yaja imejazwa hata juu, kwa kuwa ni mgeni wa mjini na wanampenda. Akila kidogo na kuiacha, wapishi hutazamana. Mmoja aona kwamba chakula chake kimedharauliwa. Wa pili, na neno hili twalijua ingawa hatulisemi kanisani, aona kwamba mgeni amehofu uchawi katika chungu chake. Wa tatu amtazama mashavu yaliyopungua, akanong'ona habari ya ule ugonjwa, maana kwa miaka mingi katika nchi yetu kukonda kulikuwa ni kutangaziwa kifo, na kunenepa ni kusifiwa kwamba umenawiri. Kisha ainuka mjomba wake. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba ni zito. Asema mbele ya wote, "Kula, mpwa wangu, usituaibishe." Mama huyo ale, atapike nyuma ya nyumba? Au akatae, na aitwe mwenye majivuno?

Akisema "Nimeshiba" baada ya vijiko vinne, asema kweli tupu. Ila hakuna amwaminiye. Nimesikia ikiulizwa kama imempasa kueleza upasuaji wake. Naona haimpasi, maana tumbo lake si tangazo la usharika. Walakini asiseme uongo, kwamba amekula njiani au kwamba amefunga. Neno moja latosha: "Asante mjomba, daktari amenipimia chakula changu." Na mjomba akiisha kuambiwa hivyo, hana ruhusa ya kuuliza mara ya pili.

Maana yetu ni ipi tunapomlazimisha mgeni? Twasema ni upendo, na mara nyingi ni upendo. Lakini mara nyingine twataka sahani tupu iwe shahidi wetu kwamba tumepika vema, nasi twautumia mwili wa mwenzetu kujipatia sifa. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, hakutaja chakula na kinywaji tu. Aliwahesabu humo hata marafiki wema na majirani waaminifu. Basi jirani ni sehemu ya mkate. Kwa mtu ambaye mkate wake wa tumboni umepimwa vijiko viwili, huenda sehemu hiyo ya pili ndiyo kubwa. Na kwenye Meza ya Bwana sisi sote hupewa kipande kidogo na divai kidogo, wala sijamsikia mtu akisema kwamba mwenye karamu amekuwa mchoyo, au kwamba aliyekula kidogo amemdharau.

Yuko atakayeuliza kama ni haki kutumia fedha kuzuia shibe, na huku wako watoto walalao na njaa. Ni swali la haki, lakini limwendee kila atumiaye fedha, si mgonjwa huyu peke yake. Kisukari na moyo uliochoka huua, na mtoto mwenye njaa hapati uji kwa kifo cha jirani mnene.

Kwa hiyo walimu wa sharika, mkiwa na neno na akina mama wapishi, neno lenyewe ni dogo: sahani ya mgeni ipakuliwe na mgeni mwenyewe, na supu itengwe kabla ya kutiwa nyama ngumu. Sahani itakayorudi na chakula ifunikwe kimya. Hakuna haja ya kutaja jina la mtu.

Wako pia ambao pete yao haikudumu. Ilihama, ikatolewa baada ya miaka michache, na uzito ukarudi wote. Puto nalo lina siku yake ya kutolewa, na siku ya pili yake mtu hula katika nyumba ileile, kwa sahani ileile. Mtu wa namna hiyo akija ibadani amenenepa tena, asiulizwe mlangoni fedha zake zilikwenda wapi. Apewe kitabu cha nyimbo, na kiti kilicho imara.