Homa ya Siku ya Kwanza

Somo: Marko 5:21–43



Somo la juma hili lina wagonjwa wawili. Binti wa Yairo yu mahututi, na baba yake anambembeleza Bwana afike upesi. Mwingine ni mama aliyetokwa damu miaka 12, amemaliza mali yake yote kwa waganga, anajipenyeza nyuma ya watu bila kusema neno. Machoni petu, wa dharura ni yule binti. Mama angengoja, kungoja amekuzoea. Lakini Bwana alisimama kwa ajili yake.

Hapa Pajulu, Uganda, wengi wetu hungoja mpaka tufike alipofika Yairo. Jumatatu mtoto anachemka, tunamnunulia vidonge viwili vya Panadol dukani. Jumatano usiku shingo imelegea, ndipo mama anapanda boda boda, mtoto kifuani ndani ya kitenge, daftari la matibabu kwapani, mbio hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua.

Tusimlaumu haraka. Ni kweli serikali ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001. Lakini kwenda kituo cha afya humla mtu siku nzima: foleni tangu asubuhi, shamba halijapaliliwa, na mwisho huenda akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue. Pengine aliwahi kufokewa kwa kuleta homa ndogo. Usiku wa hatari, ndugu huchanga nauli, mume hakatai, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Dharura imekuwa ndiyo ruhusa ya maskini kutibiwa. Hilo linaniuma sana.

Linaniuma kwa sababu malaria haitusubiri. Tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa muda wa nusu saa hivi, na malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa ya siku 3. Ikiachwa, saa 24 zaweza kutosha kumfikisha mtoto ukingoni.

Watu wa nyumbani kwa Yairo walimwambia asimsumbue Mwalimu tena. Maneno hayo tungali tunaambiana: usiwasumbue wauguzi kwa jambo dogo. Bwana hakuyasikiliza. Na binti alipoinuka, aliagiza apewe chakula. Aliyeshinda mauti alikumbuka pia njaa ya mtoto.

Basi akina baba, toeni nauli siku ya kwanza ya homa. Jumuiya, mpalilieni shamba mama aliye kwenye foleni. Wauguzi wetu, mpokeeni kwa neno jema, hata dawa zikiwa zimekwisha. Na mtoto akipata degedege, akizimia au akishindwa kunyonya, msipoteze hata dakika: hospitali moja kwa moja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama kwa ajili ya mama asiyepiga kelele, utufundishe kusimama mapema kwa ajili ya wagonjwa wetu. Amina.