Unga wa Mbao

Lori la baba lilikuwa likilia nyuma. Ilikuwa sauti ndefu, kama ya nyuki walio mbali, iliyozidi likipanda mlima na kubadilika ukiachia mafuta. Fundi aliingia chini, akaishika propela kwa mikono miwili na kuitikisa huku na huku.

“Krosi zimeisha,” alisema. “Hizo ni ndogo. Tatizo ni difu. Meno yamelika.”

Krosi tulibadilisha siku hiyohiyo. Grisi niliipiga mwenyewe hadi ikatokeza pembe zote nne, kama baba alivyonifundisha. Ikitoka upande mmoja tu, beringi za upande mwingine zinabaki kavu, na hakuna atakayejua mpaka propela ianguke barabarani.

Difu ilitaka fedha ambazo hatukuwa nazo. Baba alikuwa amelazwa. Lori lenyewe tulikuwa tunaliuza kwa ajili yake. Fundi akanivuta pembeni. “Mdogo wangu, changanya unga wa mbao kwenye oili. Itatulia siku kadhaa. Mnunuzi akija, hasikii kitu.”

Sikumkatalia papo hapo. Nilijitafutia hoja: mnunuzi ni mtu mzima, kila mtu anajua lori la zamani lina mambo yake, na asiyeulizwa hajadanganya.

Usiku nikaona nilipokosea. Kuna kunyamaza kwa muuzaji ambaye hakuulizwa. Hapo mnunuzi bado ana masikio yake. Na kuna kunyamazisha. Ile difu ilikuwa inasema ukweli kwa sauti ambayo hata asiye fundi angeisikia. Unga wa mbao ungemziba mwenzangu masikio, kisha mimi nidai kwamba hakusikiliza.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Njombe aliyetaka kubeba viazi kwenda Dar es Salaam. Nikaufikiria mteremko wa Kitonga. Pale dereva huweka gia nzito ili injini ilizuie lori, na nguvu hiyo hufika kwenye matairi kupitia propela na difu. Meno yakikatika hapo, anabaki na breki peke yake, na mzigo uko nyuma yake.

Nilimpa ufunguo, nikamwambia, “Kaka, lipandishe mlimani usikilize.” Alirudi akapunguza shilingi milioni 3.

Nisijisifu. Fedha ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mgonjwa. Ni rahisi kuwa mwaminifu kwa gharama ya mtu mwingine, na deni tulilochukua kwa shangazi kuziba pengo hatujalimaliza. Nilikwenda wodini nimejiandaa kujitetea.

Nilimweleza baba yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama grisi ilitoka pembe zote nne.

Nikamwambia ilitoka.