Mwanasesere na Dua ya Mtoto

Waluguru wa milima ya Morogoro wamemjua mwana hiti, mtoto wa mti apewaye mwali. Hilo lina hukumu yake mbali. Ama mwanasesere wa matambara, akumbatiwaye usiku na mtoto mwenye khofu, yafaa baba amnyang'anye?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), ya kwamba siku ya Ashura Masahaba waliwafungisha watoto wao, wakawafanyia vichezeo vya sufu, mtoto akililia chakula hupewa kichezeo hata wakati wa kufuturu. Basi kuliwazwa hakukuiharibu ibada, bali kuliisaidia.

Baba na aulize: "Mwanao analilia nini?" Mtoto hujibu yaliyo moyoni mwake mwenyewe. Hapo afundishwe kuinua mikono. Kwani mwanasesere hasikii, na Mwenyezi Mungu ndiye Msikizi.